Mita Saba na Nusu Hazitoshi

Mtu mwenye multipo sklerosisi anaweza kutembea mita saba na nusu kwa sekunde tano asubuhi mbele ya daktari, na usiku wa siku hiyohiyo akaanguka akielekea msalani. Mambo yote mawili ni kweli. Lakini faili lake litabeba moja tu, lile la asubuhi, kwa kuwa ndilo lililopimwa. Akirudi baada ya miezi sita na kusema hali imekuwa mbaya, namba itamsuta: sekunde ni zilezile tano. Nimeona wagonjwa wakitoka kliniki wameambiwa hawajabadilika, na mume au binti aliyewasindikiza, anayewashika mkono kila siku, anajua wazi kwamba wamebadilika.

Hoja yangu katika safu hii ni moja. Vipimo vyetu vingi vya kutembea humkuta mgonjwa akiwa katika ubora wake, na ugonjwa huu hujificha vizuri sana mtu akiwa katika ubora wake. Hujitokeza anapochoka, taa inapozimwa, joto linapopanda, anapogeuka ghafla, au anapotakiwa kuwaza jambo jingine huku anatembea. Tukitaka kujua ukweli wa miguu yake, tumpime katika hali hizo. Vifaa vyake ni rahisi: futi ya fundi, chaki, kiti, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita kwa kifupi MS. Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, ndiye aliyeueleza mwaka 1868 kama ugonjwa unaojitegemea. Kinga ya mwili huishambulia mayelini, ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Penye jeraha ujumbe husafiri kwa kusuasua, au haufiki kabisa. Mara nyingi huanza mtu akiwa na miaka kati ya 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Atlasi ya MS ya mwaka 2020 ilikadiria wagonjwa milioni 2.8 duniani. Nchi za karibu na ikweta zina wachache kuliko Ulaya ya kaskazini au Kanada, lakini wapo, na wanahitaji watu wanaojua kuwapima.

Ili mtu asimame wima bila kuyumba, ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, ogani za usawa zilizo ndani ya sikio, na hisia za nyayo na viungo. Habari hizo zikishachambuliwa, misuli hupewa amri. MS inaweza kuharibu hatua yoyote kati ya hizo. Neva ya jicho ikivimba, macho hayasaidii kama zamani. Njia za hisia katika uti wa mgongo zikijeruhiwa, mgonjwa hajui unyayo wake umekaa vipi mpaka autazame. Serebelamu, yaani ubongo mdogo wa nyuma, ikiguswa, hatua hupanuka na mwili hupepesuka. Njia za amri zikikatika, misuli hukakamaa na ncha ya mguu huning'inia. Kwa hiyo wagonjwa wawili wanaoyumba kwa namna inayofanana machoni mwako wanaweza kuwa wanahitaji mazoezi tofauti kabisa, na mtu anayeandika "anayumba" katika faili hajasema kitu.

Kuna jambo moja hapa ambalo nadhani kila mtaalamu wa fiziotherapia angepaswa kulijua kwa moyo. Mwaka 2008 Michelle Cameron, Fay Horak na wenzao huko Oregon, Marekani, waliwasimamisha wagonjwa wa MS juu ya jukwaa linalosogezwa ghafla kwenda nyuma, kisha wakapima misuli ya mguu inachukua muda gani kuitikia. Watu wasio na ugonjwa waliitikia baada ya karibu milisekunde 100. Wagonjwa walichukua karibu milisekunde 160. Ucheleweshaji huo ulikwenda sambamba na kasi ndogo ya ujumbe wa hisia katika uti wa mgongo. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho. Lakini ukikanyaga ngozi ya ndizi, au daladala ikiondoka kabla hujashika bomba, muda huo mdogo ndio unaoamua kama utajishika au utaanguka. Na hakuna kipimo cha kutembea kwenye sakafu laini kitakachokuonyesha hilo.

Sasa tuitazame mizani inayotawala utafiti wa MS duniani kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na tumaini kwamba isoniazidi, dawa ileile tunayoijua ya kifua kikuu, ingewasaidia wagonjwa wa MS. John Kurtzke, daktari katika hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani, alihitaji njia ya kuonyesha kama wanapata nafuu. Mwaka 1955 akachapisha mizani yake ya ulemavu. Isoniazidi haikufaa kitu. Jaribio kubwa zaidi la hospitali hizohizo lililochapishwa 1957 lilizima tumaini hilo. Mizani ikabaki. Mwaka 1983 Kurtzke akaigawa kila ngazi mara mbili, na hiyo ndiyo EDSS inayotumika hadi leo, kuanzia 0 ya mtu asiye na dalili kwenye uchunguzi hadi 10 ya kifo kinachotokana na ugonjwa.

Ngazi za chini hutegemea uchunguzi wa mifumo mbalimbali: nguvu, hisia, macho, kibofu, na kadhalika. Ukifika 4.0, karibu kila kitu kinageuka kuwa umbali. Anayeweza kwenda mita 500 bila msaada wala kupumzika yuko 4.0. Mita 300 ni 4.5, mita 200 ni 5.0, mita 100 ni 5.5. Anayehitaji fimbo au gongo la upande mmoja ili kufika mita 100 yuko 6.0. Anayehitaji msaada wa pande zote mbili kufika mita 20 yuko 6.5. Asiyeweza kupita mita 5 hata akisaidiwa yuko 7.0, na kiti cha magurudumu ndicho kinachombeba.

Naiheshimu mizani hii. Imewezesha madaktari wa nchi mbalimbali kuelewana kwa miongo kadhaa, na dawa tulizonazo leo zilipita kwenye mlango wake. Lakini inahitaji jambo ambalo kliniki nyingi hazifanyi, yaani kumtembeza mgonjwa mita 500. Hakuna ukumbi mrefu kiasi hicho na foleni ya wagonjwa haisubiri. Basi daktari huuliza: "Mama, unaweza kutembea hadi wapi bila kupumzika?" Naye hujibu: "Hadi sokoni, daktari." Soko lipi? Anapita njia ipi? Anasimama kuongea na jirani nusu ya safari, na kusimama huko ndiko kunakompumzisha bila yeye mwenyewe kukuita mapumziko? Jibu lake ni la kweli, ila si mita. Daktari anakadiria, anaandika 4.5, na mwaka unaofuata daktari mwingine anakadiria kivyake na kuandika 5.0. Mgonjwa anaambiwa ugonjwa umesonga mbele.

Tatizo la pili nalitaja kwa sababu linatuhusu sana sisi. Neurostatus, mwongozo unaotumiwa kuwafundisha madaktari namna ya kutoa alama za EDSS, humhesabu mtu anayeshikwa na mwenzake kuwa sawa na mwenye msaada wa pande mbili. Huku kwetu wagonjwa wengi hutembea kwa kushikwa na ndugu muda mrefu kabla hawajakubali fimbo. Fimbo ni ya wazee, na mama wa miaka 32 hataki kuonekana nayo mtaani. Mtu huyo anaweza kuandikwa 6.5 kwa umbali uleule ambao angeandikwa 6.0 kama angekuwa na fimbo. Akinunua fimbo kesho, namba itasema amepata nafuu, na hakuna kilichobadilika katika neva zake. Anayeandika alama bila kuandika mgonjwa alisaidiwa na nini na nani ameandika nusu ya habari.

Inafaa kukumbuka kwamba ukanda wetu una mizani yake ya magongo. Konzo, ugonjwa wa kupooza ghafla miguu yote miwili unaotokana na kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, umezikumba jamii za Kongo na pia sehemu za Tanzania, ukiwemo mkoa wa Mara katika miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani huugawa ukali wake hivi: anayetembea bila msaada, anayehitaji fimbo moja au mbili, na asiyeweza kutembea. Kwa konzo ngazi tatu zinatosha, kwa sababu mguu ukishakakamaa kwa kawaida hauendelei kuharibika. MS haitulii namna hiyo. Inakuja na kuondoka, kisha kwa wengi inaanza kuteremka polepole, na mteremko huo wa polepole ndio ngazi pana haziuoni.

Kwa sababu hiyo watafiti wa Marekani katika miaka ya 1990 walikusanya vipimo vifupi vyenye saa, na cha miguu kilikuwa matembezi ya futi 25, yaani mita 7.62. Kinafanyika hivi. Unachora mistari miwili kwa chaki au utepe kwenye sakafu tupu. Mgonjwa anasimama vidole vikiwa kwenye mstari wa kwanza, na fimbo yake ya kila siku mkononi kama anayo. Unamwambia atembee haraka kadiri awezavyo lakini kwa usalama, na asipunguze mwendo mpaka auvuke mstari wa pili. Agizo hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Bila hilo, wengi huanza kufunga breki wanapouona mstari, na sekunde nzima inapotea hapo. Akifika anarudi mara moja, unachukua muda wa safari zote mbili na kutafuta wastani.

Ni kipimo kizuri. Kinachukua chini ya dakika mbili, na wapimaji wawili wakifuata utaratibu mmoja watapata karibu jibu moja. Mabadiliko ya asilimia 20 au zaidi huchukuliwa kuwa ya maana, kwa sababu chini ya hapo inaweza kuwa tofauti ya kawaida ya siku na siku. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliziunganisha sekunde na maisha: waliofikia sekunde 6 walikuwa wameanza kubadili kazi kwa sababu ya ugonjwa na kushika fimbo, waliofikia sekunde 8 na kuendelea walikuwa wakitegemea kitembezi na hawamudu tena shughuli nyingi za nyumbani. Namba yenye uzito wa namna hiyo si ya kupuuzwa.

Ndiyo iliyotumika pia kuipitisha fampridini, dawa inayoziba mirija ya potasiamu kwenye nyuzi zilizovuliwa mayelini ili ujumbe upite. Katika jaribio lililochapishwa 2009, asilimia 35 ya waliomeza dawa waliongeza mwendo kwa uthabiti, dhidi ya asilimia 8 ya waliomeza kidonge kisicho na dawa, na mwaka 2010 Marekani ikairuhusu. Walioitikia waliongeza kasi kwa karibu robo. Piga hesabu: aliyekuwa akitumia sekunde 10 sasa anatumia 8. Kuvuka barabara, hizo ni sekunde mbili za maana. Lakini kipimo hakikuuliza kama mtu huyo anafika ng'ambo akiwa ameyumba mara tatu, wala kama anaweza kuvuka barabara ya pili baada ya ile ya kwanza.

Hapo ndipo mita saba na nusu zinapoishiwa. Ni mbio fupi iliyonyooka, haina kona, haina kusimama, na inakwisha kabla uchovu haujaingia. Mgonjwa wa hatua za mwanzo huifanya karibu sawa na mtu mzima wa afya. Yule mwenye sekunde tano niliyemtaja mwanzoni hadanganyi, wala saa haidanganyi. Wote wawili wameulizwa swali jepesi mno.

Swali gumu zaidi ni dakika sita. Kipimo hiki kilianzia kwa wagonjwa wa moyo na mapafu, ambao waliachiwa mwendo wao wenyewe. Kwa MS, agizo lilibadilishwa mwaka 2008: nenda mbali na kwa kasi kadiri uwezavyo. Unahitaji ukumbi au veranda ya mita 20 au 30 yenye alama kila baada ya mita chache. Watu wengi huandika umbali wa jumla na kufunga faili. Nasisitiza kuandika umbali wa kila dakika, kwa sababu habari yenyewe imo humo. Watafiti wa Ulaya wamependekeza kwamba dakika ya sita ikiwa imepungua kwa asilimia 15 au zaidi ikilinganishwa na ya kwanza, huo ni uchovu wa kutembea unaostahili kutambuliwa na kushughulikiwa peke yake.

Kaa mwisho wa veranda na usikilize. Dakika ya kwanza viatu vinagonga sakafu kwa mpigo mmoja. Mara nyingi dakika ya tatu au ya nne mpigo mmoja unabadilika. Sandali ya mguu mmoja inaanza kuburuza, kwa sababu misuli inayoinua ncha ya mguu imechoka na goti nalo halikunji kama lilivyokuwa. Mgonjwa huanza kuinua nyonga ili mguu upite. Ukimtazama anapoingia kliniki hutaliona lolote kati ya hayo. Yeye mwenyewe huenda hajui. Anachojua ni kwamba hujikwaa anaporudi nyumbani na kamwe hajikwai anapoondoka. Mtu huyo anahitaji kupimiwa kifaa cha kuinua ncha ya mguu, na kipimo cha sekunde tano kingemnyima. Kwa asiyeweza dakika sita, dakika mbili zinakadiria umbali vizuri sana, ila hazikuonyeshi anachoka vipi.

Joto nalo linahitaji aya yake, hasa kwa msomaji wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Maskati. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliona uoni wa wagonjwa ukififia baada ya mazoezi, na baadaye ikajulikana kwamba sababu ni joto la mwili. Uzi wa neva uliovuliwa mayelini hufanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, na joto la mwili likipanda hata nusu ya digrii, ujumbe unaweza kukwama. Zamani madaktari waliwatia walioshukiwa kuwa na MS katika beseni la maji ya moto ili dalili zijitokeze. Mwanamke wa Tanga aliyepimwa saa mbili asubuhi mwezi Julai na akapimwa tena saa nane mchana mwezi Februari, baada ya kusimama kwenye foleni ya basi, amepimwa kama watu wawili tofauti. Kliniki isiyoandika saa na hali ya joto inaweza kuyaita majira ya kaskazi kuwa ugonjwa. Nashauri makusudi kabisa kumpima mara moja katika saa anayosema ni mbaya kwake, na kuiandika hivyo, kando ya kile cha kawaida.

Kutembea na kusimama bila kuyumba ni mambo mawili, ingawa faili nyingi huyachanganya. Kipimo kikongwe cha kusimama ni cha Moritz Romberg wa Berlin, wa karne ya 19: miguu pamoja, mikono kando, kisha fumba macho. Mgonjwa anayetegemea macho kuziba pengo la hisia za nyayo huanza kuyumba papo hapo. Usimwache bila mtu wa kumdaka. Kipimo hiki kidogo ndicho kinachoeleza kwa nini kuanguka kwingi hutokea usiku, umeme ukikatika, au mtu akifumba macho kunawa uso na sabuni. Simu yenye tochi kando ya kitanda na taa ndogo ya msalani ni tiba halali kabisa kwa mtu wa namna hiyo.

Mizani inayotumika sana ni ya Katherine Berg wa Kanada, ya mwaka 1989: vitendo 14, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 56. Kusimama kutoka kwenye kiti, kuokota kitu sakafuni, kugeuka mzunguko mzima, kusimama kwa mguu mmoja. Iliundwa kwa ajili ya wazee, na vijana wengi wenye MS hupata alama za juu kisha wakaenda kuanguka. Kwao napendelea kile kifupi kinachoitwa Mini-BESTest, cha vitendo 14 na alama 28. Kinamjaribu mgonjwa kwa kumwachia ghafla baada ya kuegemea mkono wako, ili uone kama atapiga hatua ya kujiokoa. Huo ndio ule ucheleweshaji wa milisekunde, sasa unauona kwa macho yako bila jukwaa la Oregon. Vilevile kina kutembea huku ukigeuza kichwa, na kutembea huku ukihesabu kwa kurudi nyuma.

Hilo la kuhesabu si mchezo. Kutembea kwa mtu wa afya hakuhitaji fikra. Kwa mgonjwa wa MS mara nyingi kunahitaji, na fikra ikichukuliwa na kitu kingine, mguu unabaki bila msimamizi. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wazee wanaosimama wanapoanza kuongea njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi kuanguka. Tazama sasa maisha yetu. Mtu hapiti barazani bila salamu, na salamu zetu haziishii kwenye neno moja: habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mzee amepata nafuu? Mara nyingi ndugu ndio wa kwanza kugundua kwamba siku hizi dada husimama kila anaposalimiwa, ilhali zamani alijibu huku anakwenda. Wengine humwona ana maringo akipita kimya. Kwa mpimaji anayesikiliza, hiyo ni habari ya uchunguzi yenye thamani sawa na sekunde. Mpime kutembea na kurudi akiwa kimya, kisha mpime tena huku anakutajia majina ya samaki au ya vituo vya basi, na uandike tofauti.

Na usisahau kona. Kipimo cha kuinuka na kwenda, kilichowekwa sawa na Podsiadlo na Richardson mwaka 1991, kinataka mtu ainuke kwenye kiti, aende mita tatu, ageuke, arudi na kukaa. Jicho langu huwa kwenye kugeuka. Anayegeuka kwa hatua mbili yuko salama kuliko anayehitaji hatua sita ndogondogo huku mkono ukitafuta ukuta, hata kama sekunde zao zimelingana.

Baada ya haya yote kuna swali ambalo halihitaji kifaa chochote na bado huulizwa ovyo: umeanguka mara ngapi? Uchambuzi uliochapishwa 2015 ulikusanya watu 537 wenye MS kutoka Australia, Sweden, Uingereza na Marekani, ambao waliandika kila siku kama wameanguka au la. Katika miezi mitatu, asilimia 56 walianguka angalau mara moja. Kumbukumbu pekee haitoi hesabu hiyo. Watu husahau, na wengine huona aibu. Wape kalenda ya ukutani na kalamu, waweke alama siku waliyoanguka, na neno moja la mahali: bafuni, ngazini, shambani. Waulize pia ni lini walikaribia kuanguka wakajishika. Na uliza wameacha kwenda wapi, kwa sababu mtu asiyeanguka kwa kuwa hatoki tena nyumbani ana hali mbaya kuliko kalenda yake inavyoonyesha. Hojaji ya MSWS-12, ya Jeremy Hobart na wenzake mwaka 2003, humwuliza mgonjwa maswali 12 kuhusu kutembea kwake katika wiki mbili zilizopita na kutoa alama hadi 100. Tofauti kati ya alama hizo na sekunde za ukumbini ndiyo inayokwambia upime nini zaidi.

Saa na simu janja zinazohesabu hatua zimeanza kutusaidia hapa, kwa kuwa huona anachofanya mtu nyumbani kwake kwa siku saba mfululizo. Ila vifaa vingi hukosa hatua za anayetembea polepole sana au anayeburuza mguu, yaani walewale tunaowatafuta. Sitaki kliniki yenye bajeti ndogo inunue saa kabla haijajifunza kutumia chaki.

Na kuna mambo ambayo mizani za Kanada na Marekani haziyajui. Choo cha kuchuchumaa. Mchanga wa njia ya nyumbani. Kidato cha daladala kilicho juu ya goti. Ndoo ya maji kichwani au mkononi. Kusujudu na kuinuka katika swala. Singeyapachika kwenye alama za Berg, kwa sababu alama hizo zitaharibika na hazitalinganishwa tena na za mahali pengine. Ningeyaandika pembeni kwa maneno ya kawaida: anaweza, anaweza akishika kitu, hawezi. Ukilinganisha ukurasa huo mwaka hadi mwaka utaona ugonjwa unavyokwenda mapema kuliko EDSS.

Basi kwa kliniki isiyo na mashine yoyote, ningeomba haya: mita 7.62 mara mbili, dakika sita zikiandikwa dakika kwa dakika, Romberg, Mini-BESTest, kalenda ya kuanguka. Hayo yote huisha ndani ya saa moja pamoja na mapumziko, na si lazima yafanyike siku moja. Andika saa ya siku, viatu alivyovaa, msaada alioutumia, na jina la mpimaji. Rudia kila baada ya miezi sita katika hali zilezile.

Matokeo yakiwa mabaya kuliko ya awali kwa zaidi ya asilimia 20, usikimbilie kusema ugonjwa umelipuka upya. Mpime joto la mwili. Mpime mkojo, kwa sababu maambukizi ya kibofu ni ya kawaida sana kwa watu hawa na yanaweza kuifanya miguu iwe mizito ndani ya siku moja. Uliza usingizi, uliza malaria, uliza kama amebadilisha dawa ya kulegeza misuli, maana dozi iliyozidi huondoa ukakamavu pamoja na nguvu iliyokuwa ikimsimamisha. Tibu kilichopo, mrudishe baada ya wiki moja au mbili, mchoree mstari uleule wa chaki. Kama bado yuko chini, mpeleke kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu akiwa na karatasi zote mbili mkononi, ya zamani na ya sasa, zikionyesha dakika ya kwanza na dakika ya sita.